Ofa tatu mezani: bima ya kazini mwajiri anapokuwa na dini

Dada mmoja mwenyeji wa Bukavu alinijia Jumamosi na bahasha tatu mkononi. Huu ni mwaka wake wa nne hapa Columbus, Ohio, ana cheti cha uuguzi msaidizi, na wiki hiyo bahati ilimfungukia: sehemu tatu zilimtaka kazini. Moja ni nyumba ya wazee iliyo chini ya kanisa, ya pili hospitali ya Kikatoliki, ya tatu kliniki ya kampuni ya kawaida tu. Mishahara ilipishana kwa senti.

"Dada, wote wameandika wanatoa bima," akaniambia akivua viatu mlangoni. "Si nichague iliyo karibu na kituo cha basi, yaishe?"

Nikamwambia kaa kwanza. Neno "bima" kwenye barua ya kazi ya Marekani ni kama neno "mboga": mpaka ufunue sufuria ndipo ujue umepikiwa nini.

Mimi nilifunuliwa sufuria dirishani kwa mfamasia. Nilikuwa nimeajiriwa katika kituo kimoja chenye jina la mtakatifu, kadi ya bima mpya inang'aa, nikaenda kuchukua vidonge vyangu vya uzazi wa mpango. Kijana wa dirishani akaskani, akaskani tena, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bima haivilipii, ni dola tisini na ushee. Nikadhani mashine imekosea. Haikukosea. Jibu lilikuwa nyumbani kwenye droo ya jikoni, ukurasa wa karibu na mwisho wa karatasi nilizopewa siku ya kwanza, chini ya kuponi za piza.

Ninachoandika hapa ni kile tulichokifanya mimi na huyo dada mezani siku ile: kuweka aina tatu za waajiri ubavu kwa ubavu na kuzipima kwa kipimo kimoja.

Sheria imefikia wapi

Sheria ya afya aliyoitia saini Obama Machi 2010, ile tunayoiita Obamacare, inataka bima nyingi zilipie huduma za kinga bila kumtoza mgonjwa kitu. Kwa bima zilizoanza mwaka wake tangu Agosti 2012, orodha hiyo imejumuisha njia za uzazi wa mpango za wanawake zilizoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani: vidonge, sindano, kitanzi, kijiti cha mkononi, hata kufunga mirija. Makanisa, misikiti na masinagogi yalisamehewa tangu mwanzo. Mashirika ya dini ambayo si nyumba za ibada, kama vyuo, hospitali na vituo vya wazee, mwaka 2013 yakatengenezewa njia ya kando: shirika linatangaza pingamizi lake, halitoi senti, na kampuni ya bima inamlipia mfanyakazi moja kwa moja.

Kisha zikaja kesi. Juni 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba hata kampuni ya biashara inayomilikiwa na familia, mfano maduka ya Hobby Lobby ya Oklahoma, inaweza kukataa kwa sababu ya dini, ikiegemea sheria ya uhuru wa dini ya 1993. Serikali ya Trump ikaupanua mlango: kanuni za 2018 ziliruhusu karibu mwajiri yeyote binafsi mwenye pingamizi la dini ajitoe, na ile njia ya kando ikawa hiari. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangeguswa. Julai 2020, katika kesi ya masista wa Little Sisters of the Poor wanaotunza wazee maskini, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 7 kwa 2 kwamba serikali ilikuwa na mamlaka ya kutoa kanuni hizo. Agosti 2025 jaji wa shirikisho huko Philadelphia akazifuta, na masista wakakata rufaa.

Umechoka? Hata mimi. Kwa mtu anayetafuta kazi, maana ya mvutano wote huu ni moja: kichwa cha habari hakikuambii bima yako inalipa nini. Nyumba za ibada haziguswi na kesi hizi, na mashirika kadhaa ya dini yana amri zake yenyewe za mahakama zinazoyalinda. Karatasi ya mwajiri wako ndiyo inayosema.

Vipimo tulivyotumia

Tulijiuliza mambo manne kwa kila ofa. Kwanza, bima inalipa nini na haigusi nini. Pili, kwa mwaka mzima zinatoka ngapi mfukoni, ukijumlisha makato ya mshahara na yale ambayo bima imeyaruka. Wengi husahau hesabu hii ya kujumlisha. Tatu, usumbufu na siri: karatasi ngapi, simu ngapi, nani ataona nini. Nne, hali hii inaweza kubadilika lini.

Kuna jambo ambalo hatukulipima, nalo ni kama mwajiri ana haki au hana. Katika wanaosoma hapa wapo wanaoona ni dhuluma, na wapo ambao imani yao inafanana na ya mwajiri na hawataki hata makato yao yaende kwenye kitanzi cha mtu. Wote wawili wanahitaji kusoma karatasi ileile.

Aina ya kwanza: mwajiri aliyesamehewa kabisa

Hapa ndipo ilipokaa ile nyumba ya wazee. Wamo pia parokia, shule za kanisa, na baadhi ya kampuni za familia.

Bima inalipa nini? Karibu kila kitu kingine, kama bima yoyote. Kliniki ya wajawazito, kujifungua, presha, kisukari, chanjo, kipimo cha saratani ya matiti. Nalisema hili kwa sababu watu husikia "bima ya kanisa" wakadhani ni bima ya maombi. Kilichotolewa ni kipengele kimoja, na mara nyingine hakikutolewa chote. Hobby Lobby walipinga njia 4 kati ya 20, yaani vidonge viwili vya dharura na aina mbili za kitanzi; vidonge vya kila siku hawakuwa na tatizo navyo. Chuo Kikuu cha Notre Dame, cha Kikatoliki, kilitangaza mwaka 2018 kwamba kitalipia njia ilizoziita za kawaida na kukataa zile kinazoamini zinatoa mimba. Kwa hiyo "wana msamaha" bado si jibu. Uliza: msamaha wa nini?

Tena kuna jambo ambalo lingeniokolea mimi tisini zangu: vidonge hivyohivyo hutumika kutibu hedhi nzito, maumivu ya endometriosi na uvimbe wa ovari. Mafundisho ya Kikatoliki yenyewe hayakatazi dawa inayotolewa kutibu ugonjwa, hata kama ina athari ya kuzuia mimba. Waajiri wengi wa aina hii hulipia daktari akiandika sababu ya ugonjwa kwenye cheti. Mimi nilikuwa na sababu hiyo. Daktari hakuiandika kwa kuwa hakuna aliyemwambia inahitajika.

Mfukoni hali hutegemea njia unayotumia. Kitanzi au kijiti ukilipa mwenyewe, pamoja na ada ya daktari, kinaweza kupita dola 1,000, ila kinakaa miaka. Upande wa pili, tangu Machi 2024 kuna kidonge cha Opill kinachouzwa bila cheti cha daktari, bei iliyotangazwa ni dola 19.99 kwa mwezi au 49.99 kwa miezi mitatu. Hiyo ni kama dola 200 kwa mwaka. Sasa fanya hesabu: ofa ya kwanza ikikukata dola 60 kila wiki mbili na nyingine ikakukata 110, tofauti ni dola 1,300 kwa mwaka. Anayetumia Opill amebaki na zaidi ya elfu moja mkononi hata baada ya kujinunulia. Anayetaka kitanzi kipya mwaka huuhuu anaweza kula hasara au kutoka sare. Opill nayo si ya kila mtu: inatakiwa saa ileile kila siku, ukichelewa zaidi ya saa tatu kinga inapungua, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti haimfai. Sisi wa zamu za usiku tunajua saa ileile kila siku ni mtihani.

Mwajiri akikupa akaunti ya akiba ya matibabu, ile HSA, pesa iliyomo ni yako na unaweza kuitumia kununua dawa hizi bila kuulizwa na mtu. Akaunti ya FSA, nayo ya kuwekea pesa za matibabu, imefungwa kwenye masharti ya mwajiri zaidi, kwa hiyo iulizie kabla hujaitegemea.

Siri: bosi hataletewa orodha ya dawa zako. Sheria ya faragha ya afya inamzuia kutumia taarifa za bima katika mambo ya ajira. Kubadilika: ni nadra, kwa sababu msimamo unatokana na mafundisho ya dini na hautegemei bajeti. Uimara huo ni faida kwa mtu anayependa kujua mapema anachokosa.

Anafaa nani? Aliyekwisha kuzaa na kufunga kizazi, aliyevuka umri, mwenye imani inayolingana, anayetafuta mtoto, au mwenye mume au mke ambaye bima yake ni kamili. Kijana wa miaka 24 asiyetaka mimba kwa miaka kumi ijayo afikirie mara mbili.

Aina ya pili: mwajiri wa dini aliye kwenye njia ya kando

Hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, na ndiyo maana nitakaa nayo.

Kwenye karatasi ya mwajiri utasoma kwamba uzazi wa mpango haulipiwi. Kisha, wiki mbili tatu baadaye, inakuja bahasha nyingine, wakati mwingine na kadi ya pili, kutoka kampuni ya bima au kampuni inayochakata madai: huduma hizi utazipata kwetu, mwajiri wako hahusiki, hulipi chochote. Watu huitupa bahasha hii. Inafanana na matangazo. Huyu dada alikuwa na jirani aliyejilipia sindano mwaka mzima huku kadi ya pili imelala kwenye rundo la barua chini ya televisheni.

Bima inalipa nini? Ukiwa na kadi zote mbili, sawa na aina ya tatu: njia zote, bila malipo. Mfukoni ni sifuri. Usumbufu ndio bei yake. Kliniki inadai kadi ya kwanza, inakataliwa, inakuletea bili. Unapiga simu, unaeleza kuna kadi ya pili, wanasema hawaioni, unapiga tena. Ukiwa na Kiingereza cha kubahatisha, omba mkalimani wa Kiswahili hapohapo kwenye simu. Kampuni nyingi za bima wanaye, na hutozwi.

Kuna mtego mmoja ambao hata watu wa HR, ofisi ya wafanyakazi, huwa hawaujui. Bima za Marekani ziko namna mbili. Ya kwanza, mwajiri ananunua bima kwa kampuni na kampuni inabeba hatari. Ya pili, mwajiri analipa matibabu kwa pesa yake mwenyewe, na ile kampuni ambayo jina lake liko kwenye kadi inachakata makaratasi tu. Wafanyakazi zaidi ya nusu nchini wako kwenye namna ya pili bila kujua. Kwa namna hiyo ya pili, kama bima inahesabika kisheria kuwa mpango wa kanisa, serikali haina mamlaka ya kuilazimisha kampuni ya makaratasi ilipie. Unaweza kukuta shirika limetangaza kwamba liko kwenye njia ya kando, na bado upande wa pili hakuna mtu anayelipa. Njia ipo, daraja halipo.

Namna hizo mbili zina maana nyingine pia. Majimbo mengi yana sheria zao zinazotaka bima zilipie uzazi wa mpango. California ilipitisha yake mwaka 1999, na mwaka 2004 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliipinga hoja ya shirika la misaada la Kikatoliki la Sacramento lililotaka kusamehewa. Lakini kwa kawaida sheria za majimbo hazizigusi bima za namna ya pili, kwa sababu sheria ya shirikisho ya 1974 imeziweka nyingi nje ya mikono ya jimbo. Kwa hiyo mtu akikwambia "jimbo letu linalazimisha", muulize kwanza mwajiri analipa kwa pesa yake au amenunua.

Kubadilika: hapa ndipo pagumu. Kanuni za 2018 ziliifanya njia hii iwe hiari, mwajiri akaweza kuiacha mwaka unaofuata na kuhamia msamaha kamili; tangu jaji azifute 2025, hilo linategemea mahakama. Mwajiri anayehama anatakiwa kuwaarifu wafanyakazi, ila taarifa huja kwa barua ndefu katikati ya barua nyingine ndefu. Kila msimu wa kujiandikisha upya, uliza tena hata kama uliuliza mwaka jana.

Anafaa nani? Mtu mwenye mpangilio, anayetunza barua, asiyeogopa kupiga simu, na anayeipenda kazi yenyewe. Hospitali za Kikatoliki ni waajiri wakubwa, nyingine hulipia masomo ya uuguzi, na hilo lina thamani kuliko tofauti ya kadi moja na mbili. Anayehitaji huduma mara moja, mathalani amebakiza wiki sita ajifungue na anataka kitanzi baada ya hapo, aulize jina na namba ya simu ya upande wa pili kabla hajasaini.

Aina ya tatu: mwajiri asiye na msamaha

Ile kliniki. Njia zote zinalipiwa bila malipo ya papo kwa papo, kadi ni moja, hakuna bahasha ya pili. Nitakuwa mfupi hapa, ila "kamili" nayo ina mashimo yake.

Bima inatakiwa kulipia angalau dawa moja katika kila kundi. Ukitaka chapa fulani ambayo haimo kwenye orodha yao, unaweza kutozwa mpaka daktari aandike kwamba hiyo ndiyo inayokufaa. Mume akitaka kufunga mirija yake, sheria ya shirikisho hailazimishi bima ilipie bure. Ya mwanamke inalazimishwa. (Ndivyo walivyoandika, usinitazame mimi.) Na bima kamili haimlazimishi daktari kufanya. Hospitali ya Kikatoliki iliyo kwenye orodha ya hospitali za bima yako kwa kawaida haifungi mirija baada ya upasuaji wa kujifungua, hata kama bima yako iko tayari kulipa kesho asubuhi. Sisi tuliokulia kwenye hospitali za misheni nyumbani tunaijua hali hii. Hapa inajificha kwa kuwa jengo ni kubwa na jina la mtakatifu limeandikwa kwa herufi ndogo. Anayelipa bima na anayekutibu ni watu wawili tofauti. Angalia wote.

Mfukoni: sifuri kwa uzazi wa mpango, lakini makato na kile kiasi unachojilipia kabla bima haijaanza vinaweza kuwa vikubwa kuliko kwa kanisa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye bahasha ya tatu. Kubadilika: kidogo, ingawa mwajiri hubadilisha kampuni ya bima mara kwa mara na orodha ya dawa inabadilika nayo.

Anafaa nani? Anayetumia njia ya gharama kubwa, anayebadilishabadilisha njia mpaka apate inayomkubali, mwenye mabinti wakubwa kwenye bima yake, na asiye na hamu ya kupiga simu.

Kumbuka pia kwamba mapingamizi ya dini hayaishii kwenye uzazi wa mpango. Mwaka 2022 jaji mmoja Texas aliamua kwamba kampuni ya Braidwood haiwezi kulazimishwa kulipia PrEP, kidonge cha kujikinga na VVU. Ukiwa unatumia dawa hiyo, iulizie kwa jina lake kwa mwajiri wa aina yoyote. Ukitafuta mtoto kwa kutungisha mimba maabara, ulizia zaidi, kwa kuwa sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri yeyote kulipia hilo, awe na dini au asiwe nayo.

Ukishakuwa ndani

Wengine mnaosoma mmeshasaini zamani na mko kwenye aina ya kwanza. Milango ipo.

Bima ya mume au mke ni ya kwanza kuitazama. Unaingia msimu wao wa kujiandikisha, au ndani ya siku 30 baada ya ndoa. Ulizia kama mwajiri wake anatoza ziada kwa mwenza mwenye bima yake kazini, wapo wanaotoza. Halafu kuna suala la bahasha: maelezo ya kila huduma iliyolipwa hutumwa kwa mwenye bima. Kama hujamwambia mume kwamba umeweka kijiti, karatasi itamwambia. Unaweza kuiomba kampuni itume barua zako kwa anwani nyingine au mtandaoni, ila omba kabla ya kwenda kliniki. Aliye chini ya miaka 26 anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi, na bahasha ni hadithi ileile kwa baba.

Soko la bima la serikali linauza bima zenye uzazi wa mpango kamili, dirisha kuu likifunguka Novemba 1. Tatizo ni ruzuku. Mwajiri akikupa bima ambayo kwa vigezo vya serikali ni nafuu, hupati ruzuku, na kukosekana kwa uzazi wa mpango hakuifanyi bima hiyo ihesabike mbovu. Kwa mwaka 2026 nafuu maana yake makato ya bima ya bei ya chini kabisa, ya mfanyakazi peke yake, hayazidi asilimia 9.96 ya kipato cha kaya. Mtu wa dola 18 kwa saa anayefanya kazi muda kamili na kuishi peke yake anapata dola 37,440 kwa mwaka. Makato yake yakiwa chini ya kama dola 310 kwa mwezi, ruzuku aisahau. Tangu 2023 mwenza na watoto hupimwa kwa bei ya bima ya familia nzima, kwa hiyo mara nyingine wewe unabaki kazini na familia inaenda sokoni ikiwa na ruzuku. Na ukiiacha bima ya kazini kwa hiari katikati ya mwaka, soko halikufungulii dirisha maalumu. Usiache kabla hujaingia kwingine.

Kliniki zinazopata fedha za Title X, mpango wa serikali wa uzazi wa mpango wa tangu 1970, hutoza kulingana na kipato: aliye chini ya mstari wa umaskini halipi, na punguzo linaendelea mpaka mara mbili na nusu ya mstari huo. Mwenye bima yenye pengo pia anapokelewa.

Na onyo moja. Waajiri wadogo wengine wa Kikristo, badala ya bima, hukuingiza kwenye mfuko wa waumini wa kuchangiana matibabu. Unafanana na bima, una kadi, una makato ya mwezi. Si bima. Hauna wajibu wa kisheria wa kulipa bili yako, na unaweza kukataa ugonjwa uliokuwa nao kabla. Kama ulikulia kwenye vikundi vya kuchangiana vya nyumbani utauelewa haraka, lakini bili ya hospitali ya hapa si ya kuchangishia harambee.

Kabla ya kusaini

Omba karatasi iitwayo Summary of Benefits and Coverage, yaani muhtasari wa bima. Wanatakiwa kukupa unapojiandikisha, wewe iombe mapema. Nenda moja kwa moja kurasa za mwisho, kisanduku cha Excluded Services, huduma zisizolipiwa. Kisha andika barua pepe, usiulize kwa mdomo, yenye maswali haya: uzazi wa mpango unalipiwa wote, baadhi, au haulipiwi? Ukitolewa kwa sababu ya ugonjwa je? Kama mwajiri halipi, yupo mwingine anayelipa, na namba yake ya simu ni ipi? Bima hii mmeinunua au mnalipa kwa pesa yenu? Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalokutaka ueleze maisha yako. Unauliza kuhusu bima.

Ukiwa hujaolewa, kijana, na unataka kinga ya miaka mingi, anza kuitazama aina ya tatu, kisha uone kama tofauti ya makato inameza faida hiyo. Ukiwa na mume mwenye bima kamili, imani ya mwajiri wako isikunyime usingizi. Chagua kwa mshahara, zamu na umbali. Ukiwa unatafuta mimba, linganisha gharama ya kujifungua kwenye bima zote tatu, huko ndiko pesa iliko. Ukiwa unatumia vidonge kwa ugonjwa, aina ya kwanza inaweza kukutosha kabisa mradi daktari aandike sababu. Ukiwa mwenye kuipenda kazi ya hospitali ya dini lakini hujui uko upande gani wa njia ya kando, usiamini neno la mtu wa mapokezi. Ukiwa na imani ileile na mwajiri, uliza pia, kwa sababu wapo wa dini yako walioamua kulipia.

Huyo dada wa Bukavu alifunga kizazi baada ya mtoto wa tatu, miaka sita iliyopita. Nyumba ya wazee ina makato madogo kuliko zote na iko hatua chache kutoka kituo cha basi namba kumi. Tulikuwa karibu kufunga bahasha. Ndipo akakumbuka binti yake wa miaka 20, aliye chuoni na kwenye bima ya mama, ambaye hedhi yake humlaza kitandani siku mbili kila mwezi na daktari keshamwandikia vidonge.

Tukaandika barua pepe palepale, yeye akisema, mimi nikichapa. Jibu lilikuja Jumanne, mistari miwili: vidonge vya kutibu ugonjwa vinalipiwa kwa mtegemezi pia, daktari aweke sababu kwenye cheti. Ameichapisha na kuibandika kwenye friji.